Visheti Visivyo na Shira

Friji ya stoo haikuvunjwa komeo, wala mlango wa nyuma haukuchubuliwa kitasa. Mwizi alifungua, akachukua alichokitaka, akafunga, kama mtu aliyeingia jikoni kwake kuchukua maziwa.

Inspekta Zakiya binti Saeed aliinama mbele ya rafu tupu, baridi ikimpiga usoni. Ilikuwa saa mbili tu asubuhi ya Jumanne, na huko nje Matrah, mtaa wa Maskati, ilikuwa imeshaanza kuchoma. Laiti pasingekuwa na watu, angevuta kiti akae hapo mbele ya friji mpaka adhuhuri.

"Yalikuwa makasha mangapi ya insulini?" aliuliza.

"Sitini," alijibu Maan, mfamasia wa zahanati. "Yamebaki ishirini na mawili."

"Na kingine?"

"Deli letu la buluu, la kubebea dawa zinazotaka baridi. Halipo."

Maan alikuwa na miaka thelathini, mmoja wa wale watu wanaopiga pasi hata mikono ya koti la kazini. Wazee wake walikuja Oman kutoka Tabora, na Kiswahili chake kilikuwa bado kina Tabora ndani yake.

"Kwa kawaida nahesabu Alhamisi," alisema. "Leo nimehesabu mapema kwa sababu ya ukaguzi."

"Ukaguzi gani?"

Aliyejibu ni Daktari Ruba, mkuu wa zahanati, mwanamke mfupi mwenye sauti ya haraka. Alilichukua kasha moja lililobaki akamwonesha mkanda wa kijani uliozunguka ubavuni.

"Unauona mkanda huu? Hii ni dawa ya bei nafuu. Kwa sheria mpya, zahanati za jamii tunauziwa dawa kwa robo ya bei ya dukani. Lakini kuna masharti. Apewe mgonjwa aliyesajiliwa kwetu, mwenyewe, kwenye dirisha letu, mbele ya mfamasia. Wakaguzi wanakuja Jumapili. Likikosekana kasha moja ambalo hatujui limekwenda kwa nani, tunafutwa kwenye orodha."

"Mkifutwa?"

"Nna wagonjwa mia tatu na kitu, Inspekta. Wengi watakuwa wanapiga sindano leo, kesho wanaacha. Unajua mwisho wake."

Zakiya aliujua. Mama yake alikufa kwa kisukari, na kwa miaka tisa ya mwisho nyumba yao haikukosa sindano. Alifungua daftari lake tu.

"Funguo wanazo nani?"

"Mimi, Maan na Bi Masouda."

Hapo Zakiya alitabasamu bila kutaka. Bi Masouda alikuwa muuguzi mstaafu wa miaka sabini na mbili, mzaliwa wa Unguja, aliyekuja kujitolea hapo zahanati kuwafundisha wagonjwa namna ya kula na namna ya kujidunga. Ndiye aliyemfundisha mama yake Zakiya. Alikuja nyumbani kwao jioni tatu mfululizo na chungwa mkononi, wakawa wanalidunga chungwa mpaka mkono wa mama ukaacha kutetemeka.

"Huyo bibi yuko wapi?" aliuliza Sajenti Bakhit, msaidizi wake, kwa Kiarabu.

"Amepiga simu. Magoti yanamuuma leo," alisema Ruba.

"Tumhoji?"

"Huyo tumwache," alisema Zakiya. "Twende na wengine."

Basi akamruka. Inspekta mwenye miaka kumi na sita kazini, aliyewahi kuwasomesha vijana chuoni kwamba hakuna wa kurukwa, alimruka mtu kwa sababu ya chungwa.

Mtaalamu wa alama za vidole alimaliza kazi yake saa nne. Friji na rafu, alisema, vilikuwa vimepanguswa kwa spiriti. Kamera pekee ya zahanati ilikuwa inatazama mlango wa mbele, nayo haikuona chochote isipokuwa paka. Daktari Ruba asingeifutisha zahanati yake mwenyewe; alibaki Maan, na Maan akapelekwa kituoni.

"Ufunguo wako ulikuwa wapi jana usiku?"

"Shingoni kwangu."

"Nani mwingine angeweza kuutumia?"

"Hakuna."

"Unadaiwa na mtu?"

"Hapana."

"Unamjua mtu anayeuza dawa?"

"Mimi ni mfamasia, Inspekta. Nawajua wote. Khalil wa Ghala ndiye anayeipigia kelele hii sheria kuliko wote. Lakini sijachukua mimi. Kweli kabisa. Kama ningetaka kuiba, ningehesabu mapema nije kujiripoti mwenyewe?"

Lilikuwa swali la haki, na Zakiya aliliandika daftarini. Walimkalisha kwa muda wa saa nne kisha wakamwachia, naye akaondoka bila kumtazama mtu.

Ghala la dawa la Khalil lilikuwa nyuma ya gereji mbili, baridi tupu ndani, makasha yamepangwa mpaka darini. Mwenyewe alikuwa mtu wa tumbo na kicheko. Aliwaletea kahawa na tende kabla hawajasema wamekuja kufanya nini, na Bakhit akazitendea haki tende zile.

"Ni kweli sheria hii imenikera," alisema Khalil. "Mimi nauza kasha kwa bei moja, jirani yangu anauziwa kwa robo. Nani asingekereka? Lakini mkanda wa kijani sinunui. Ukikutwa nao dukani, duka linafungwa."

"Mkanda unaweza kuchanwa."

"Unaweza. Lakini niambie, mwizi wako kabakisha?"

"Kabakisha ishirini na mawili."

Khalil aliweka kikombe chini. "Basi si mwizi wa kuuza huyo. Mtu wa kuuza akishafika mbele ya friji habakishi hata moja. Huyo kachukua anayoyahitaji."

Zakiya alirudi nayo garini ile kauli. Thelathini na nane. Nani anahitaji thelathini na nane, si arubaini, si hamsini?

Jumatano alfajiri deli lilirudi.

Daktari Ruba alilikuta mlango wa nyuma, chini ya utepe wa polisi, limekaa sawasawa kama mgeni anayesubiri kufunguliwa. Zakiya alivaa glovu, akalifungua. Hamkuwa na insulini. Ndani, juu ya karatasi safi, mlikuwa na visheti, kiasi cha sahani mbili.

"Sumu?" aliuliza Ruba.

"Picha kwanza," alisema Zakiya. "Kisha maabara."

Walipofika kituoni alikwenda kujaza fomu ya kielelezo. Aliporudi alimkuta Sajenti Bakhit amesimama kando ya deli, mdomo umefumba, shavu moja limevimba.

"Bakhit."

Sajenti alimeza. "Afande, kimoja tu."

"Umekula ushahidi!"

"Nimeujaribu, afande. Kama ni sumu, bora nife mimi." Alipangusa masharubu. "Lakini havina ladha. Nyinyi watu wa Zanzibar mnavisifu sana hivi vitu. Mke wa ndugu yangu huvinunua sokoni, vinang'aa kwa sukari. Hivi vikavu, unga na hiliki basi."

Zakiya, aliyekuwa ameshafungua mdomo kumfokea, aliufunga. Alikitazama kisheti kimoja kwenye mwanga wa dirisha. Kilikuwa kimekaangwa vizuri kwa samli, kimeiva mpaka ndani, lakini hakikuchovywa kwenye shira ya sukari. Kisheti bila shira! Nani katika Maskati nzima anayejipinda mgongo kukata na kukaanga, halafu akawanyima watu utamu makusudi?

"Kwanza tuulize kwa nini vimo humo," alisema Bakhit. "Mwizi gani anaiba kisha analeta vitafunio?"

"Hilo nalijua," alisema Zakiya polepole. "Kwetu jirani akikuletea chakula, sahani yake huirudishi tupu. Unatia chochote, hata embe mbili. Mtoto anafundishwa hilo kabla hajafundishwa kuhesabu. Aliyelichukua deli hili ni mtu wa kwetu, na mkono wake umekataa kulirudisha tupu."

Akapiga simu zahanati, akamtaka Maan.

"Maan, samahani kwa jana. Nna maswali mawili. Wagonjwa wangapi hawajachukua insulini yao mwezi huu?"

Kompyuta ilisikika ikibonyezwa. "Thelathini na nane," alisema Maan. "Wote anwani yao ni Rusayl, kambi za viwandani."

"La pili. Hapo kwenu, nani anayepika visheti bila shira?"

Kila Idi sahani ile ililetwa zahanati, na kila Idi ilibaki nusu, kwa sababu hakuna aliyekuwa na ujasiri wa kumwambia mpishi. Maan aliyajua hayo yote.

"Inspekta," alisema hatimaye, "lazima nijibu?"

"Umeshajibu, ndugu yangu."

Bi Masouda aliishi Wadi Kabir, nyumba ya chini yenye ngazi mbili mlangoni. Nje ilisimama Corolla yake kuukuu, vumbi la barabara ya Rusayl bado limeganda kwenye magurudumu. Alifungua mlango kabla hawajabisha mara ya pili. Magoti yalikuwa yanamuuma kweli, alitembea akishika ukuta.

"Shikamoo, Bi Masouda."

"Marahaba, mwanangu. Umekawia. Nlikutegemea tangu asubuhi." Akamtazama Bakhit, akahamia kwenye Kiarabu. "Na huyu ndiye aliyekula? Ana unga kwenye masharubu."

Sajenti aliufunika mdomo kwa mkono.

"Bi Masouda, nimekuja kikazi," alisema Zakiya. "Utakalosema nitaliandika."

"Andika, na hati iwe nzuri."

"Insulini umeichukua wewe?"

"Mie."

"Lini?"

"Juzi Jumatatu, walipokwisha kutoka wote."

"Umeipeleka wapi?"

"Rusayl, kambini. Jumatatu jioni na jana jioni, wanapotoka kazini."

"Umemuuzia nani?"

"Zakiya!" Sauti ile ya wodini bado alikuwa nayo. Bakhit mwenyewe alisimama wima.

"Lazima niulize, Bi Masouda. Ndiyo kazi."

Bi Masouda alikwenda kabatini akarudi na daftari la shule lenye jalada lililochakaa, akaliweka mbele ya Zakiya. Kila mstari ulikuwa na jina, namba ya usajili, tarehe, na kasha moja. Pembeni palikuwa na sahihi, au alama ya dole gumba kwa asiyejua kuandika.

"Nimewapa wenyewe," alisema. "Hawa ni wagonjwa wetu, wamesajiliwa, dawa imenunuliwa kwa ajili yao. Kanuni inasema waje dirishani. Dirisha tunalifunga saa kumi. Wao wanatoka kazini saa kumi na moja. Ijumaa wanapumzika, na sie Ijumaa tumefunga. Basi dawa inakaa kwenye friji inapata baridi, na mwenye dawa yuko Rusayl anapata maradhi. Niambie, ile dawa ni ya nani? Ya friji?"

"Kwa nini hukumwambia Daktari Ruba?"

"Nimemwambia mara tatu. Akanambia kanuni, na ana haki, ana watu mia tatu wa kuwalinda. Mara ya nne nkaona nisimwambie. Angejua, kosa lingekuwa lake na la zahanati. Asipojua, ni langu peke yangu." Alisugua goti. "Kuna kijana anaitwa Loay, mfungaji wa sabuni kiwandani. Mwezi uliopita kaanguka kazini. Miezi miwili hakuja kuchukua dawa, angekuja saa ngapi? Wamemkata vidole viwili vya mguu. Nlikwenda kumwona hospitali. Mguu ule nnaujua, Zakiya. Na weye unaujua."

Zakiya aliacha kuandika. Mama yake alikuwa na mguu ule miaka miwili ya mwisho, na yeye ndiye aliyekuwa akiuosha. Aligeuza ukurasa wa daftari.

"Na deli?"

"Kesho ni chanjo za watoto. Ningekaa nalo vipi?"

"Na visheti?"

Hapo Bi Masouda alicheka, cheko la mtu aliyekamatika. "Wallahi sikufikiri! Nlikwisha kulifuta kwa spiriti, nimelifunga. Nkalinyanyua, jepesi. Nkaona haya. Chombo cha watu nnakirudisha kitupu vipi?"

"Bi Masouda, jana Maan amekaa kituoni saa nne nzima."

Kicheko kilikatika. Yule bibi alikaa kitini taratibu.

"Maan? Kwa ajili yangu?"

"Kwa ajili yako."

"Masikini mtoto wa watu. Mie nlidhani mmefunga mlango tu. Nlitaka nimalize kisha nije mwenyewe kituoni, na daftari langu. Amebaki mmoja." Alionesha jikoni. "Ishaq, Mtanzania, dereva wa winchi. Jana alikuwa zamu. Alipiga ya mwisho leo asubuhi. Jioni hana."

Kwenye friji ya jikoni, kati ya mtindi na ndimu, kasha moja lenye mkanda wa kijani lilikuwa limesimama peke yake.

Ilikuwa saa nane. Zakiya alilitazama kasha akaona mambo mawili kwa pamoja. Likipelekwa Rusayl, zahanati inafutwa kwa kosa lile lile, na safari hii mkosaji ni polisi. Likikaa hapa, mtu analala bila dawa. Alitoa simu.

"Daktari, kanuni unayo hapo? Nisomee sharti la dirisha, neno kwa neno."

Ruba alisoma. Mgonjwa aliyesajiliwa, mwenyewe, kwenye dirisha la zahanati, mbele ya mfamasia.

"Saa ngapi?"

"Vipi?"

"Kanuni inasema saa ngapi, na siku gani?"

Karatasi zilifunuliwa, zikafunuliwa tena. "Haisemi," alisema Ruba.

"Saa kumi nani kaiandika?"

"Sisi." Sauti ya daktari ilipungua. "Ndiyo saa tuliyoizoea. Na Ijumaa… Ijumaa ni Ijumaa, Inspekta. Hakuna aliyefikiria."

"Basi leo msifunge. Kasha nalileta mimi."

Bakhit alitumwa Rusayl na gari la polisi. Ishaq alipoona sare langoni alitaka kuingia chooni.

"Jamani, mimi nimefanya nini?"

"Hukuchukua dawa," alisema Bakhit kwa Kiswahili alichofundishwa na Zakiya kwenye simu, akamfungulia mlango wa nyuma.

Walifika Matrah saa kumi na mbili kasoro dakika kumi. Dirisha lilikuwa wazi, taa inawaka, na nyuma yake amekaa Maan na koti lake lililopigwa pasi. Aliukagua mkanda, akapima ubaridi wa kasha, akasoma kadi ya Ishaq pande zote mbili.

"Tia sahihi hapa," alisema.

Ishaq alitia. Akalishika kasha kwa mikono miwili, akawatazama askari wawili, daktari mmoja, mfamasia na bibi mmoja anayetoa machozi, asielewe ukubwa wa jambo lenyewe.

Bi Masouda alivua ufunguo shingoni, akamkabidhi Ruba bila kuombwa. Kisha akasogea dirishani.

"Maan, mwanangu, nisamehe."

Maan alikuwa anapanga kalamu zake. Aliiweka ya mwisho mahali pake.

"Nilikutambua kwa visheti," alisema. "Ungetia shira kidogo tu, Bi Masouda, mpaka leo wangekuwa wananihoji mimi."

Akacheka yeye kwanza, ndipo na wao wakacheka.

Jumapili wakaguzi waliketi na daftari la shule kwa saa mbili. Walipiga simu Rusayl, wakalinganisha sahihi, wakahesabu: thelathini na saba kwenye daftari la Bi Masouda, moja kwenye kitabu cha dirishani. Hakuna kasha lililopotea. Zahanati ilipewa onyo la maandishi na ikabaki kwenye orodha. Mwendesha mashtaka alisema wizi hakuuona, ila kosa la kanuni alikuwa ameliona, na Bi Masouda akatozwa faini na kukatazwa kushika ufunguo wowote wa stoo. Inspekta Zakiya naye alijiandikia barua mwenyewe, akaeleza kwa mkubwa wake kwamba siku ya kwanza alimruka mshukiwa, na sababu yake. Mkubwa aliisoma, akaitia kwenye faili.

Sasa dirisha linafunguliwa Ijumaa baada ya sala. Ijumaa ya kwanza foleni ilifika mpaka kwa muuza vitambaa. Bi Masouda alikuwa kwenye benchi nje, chungwa mkononi, anamfundisha kijana mwenye fimbo, Loay, namna ya kutuliza mkono.

Sajenti Bakhit alikuja na deli la buluu, kesi imefungwa, kielelezo kinarudi kwa mwenyewe. Alimkabidhi Zakiya, na Zakiya alipolipokea alihisi lina kitu ndani.

"Bakhit, umetia nini humu?"

"Nimehangaika wiki nzima, afande," alisema Bakhit, akiinamisha uso. "Kila ninachokijua kina sukari. Nikampigia mama yangu Salalah."

Zakiya alifunua kifuniko. Ndani, juu ya karatasi safi, mlikuwa na ubani wa kwao, wa Dhofar, mweupe, uliochaguliwa punje kwa punje. Bi Masouda aliinuka kwenye benchi na magoti yake mabovu, akaja akachungulia, akamtazama yule sajenti mkubwa wa Salalah kutoka viatuni mpaka masharubuni.

"Huyu," alimwambia Zakiya, "nani kamlea?"